Watu watatu nyuma ya kioo: Apollo 11 kwenye ukuta wa Bungulu

Filamu yenyewe haina msimulizi. Hakuna sauti ya mzee wa kukuelezea hiki ni nini na kile ni nini, hakuna profesa aliyekaa mbele ya vitabu. Unasikia tu sauti za watu wa kazi, za mwaka 1969, wanaitana ku radio: huyu anauliza presha, yule anajibu iko sawa, mwingine anahesabu sekonde. Mtu aliyezoea dokumanteri za televizio anaweza kuona kitu kinakosekana. Lakini baba mwenye nyumba tuliyokaa naye, mchimbaji wa dhahabu mwenye zaidi ya miaka kumi na tano mu mashimo ya upande wa Manguredjipa na Mambasa, alielewa mbele ya sisi wote: «Iko kama ku shimo. Wa chini anaongea na wa juu. Bengine bote banyamaze.»

Filamu inaitwa Apollo 11. Ilitoka mwaka 2019, ilitengenezwa na Mmarekani Todd Douglas Miller, na inachukua dakika 93. Kila picha iliyomo ni ya wakati ule ule. Sehemu kubwa ni filamu pana, za ubora wa sinema, zilizolala miaka karibu 50 mu akiba za serikali ya Marekani bila mtu kuziangalia. Ukiiona ku telefone utasema ni kitu cha zamani, basi. Ukiiona ku ukuta, roketi ya metre 110 ikisimama kutoka chini ya dirisha mpaka ku mabati, unakuwa mtu mwingine. Tunasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyumba moja ya komine ya Bungulu, hapa Beni, na juu yake walitundika shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja. Projektere iliazimwa, bafle ilitoka kwa jirani, kuran ilitoka ku grupe iliyowekwa nyuma ya choo ili kelele isisumbue. Watu walikuwa kumi na wanane tukijihesabu na sisi: baba, mama, koko wa upande wa mama, watoto sita, na majirani waliokuja na viti vyao vya plastike. Karanga zilikuwapo. Kasiksi pia, lakini mama alisema hiyo itakunywewa kisha.

Hapo kuna jambo ambalo msomaji wa Kinshasa hawezi kulijua na sisi hatuhitaji kulieleza sana kwa msomaji wa hapa. Projektere inahitaji giza, na giza kwetu si kitu cha kuchezea. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu linaongozwa na wanajeshi, na mbele ya hapo tulishazika watu wengi waliokatwa usiku. Watoto wa Bungulu wanazaliwa, wanakua, wanaenda masomo, na usiku wanaujua kama mlango uliofungwa. Kwa hiyo wakubwa walipanga vizuri: filamu inaanza jua likizama tu, saa kumi na mbili na robo, sauti ya chini, lango limefungwa, na mbele ya saa mbili kila mtu awe kwake. Majirani wa mbali walikuja na mablanketi, wakalala pale pale.

Mwenye kutafsiri alikuwa mpwa wa baba, mwanafunzi wa fizike. Kazi yake ni ngumu kuliko ile ya wale jamaa wa sale za video wanaotafsiri sinema za vita, kwa sababu mu vita mtu akipiga bunduki hakuna haja ya kueleza. Hapa alipaswa kugeuza Kiingereza cha mainjinia kuwa Kiswahili cha kwetu, haraka, na Kinande kidogo kwa ajili ya koko. Neno la kwanza lililomshinda ni «countdown». Akasema: «Banahesabu kwa kurudi nyuma.» Koko akauliza: «Juu ya nini kurudi nyuma na bo banaenda mbele?» Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri, na kijana akajibu vizuri: wanahesabu muda uliobaki, si muda uliopita.

Mbele ya roketi kuondoka kuna kipande ambacho wanaume walikipenda kuliko moto wenyewe. Masaa machache mbele ya safari, bomba la hidrojeni linavuja ku valve moja. Basi mafundi wanapanda huko juu, roketi ikiwa imejaa mafuta, na kuanza kukaza boloni kwa ufunguo. Wale watatu, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, wako njiani kuja. Baba aliinua kidole: «Munaona? Bale ndio batu. Bale hakuna anayejua majina yabo.» Sisi tuliandika maneno hayo palepale. Watu karibu 400.000 walifanya kazi ku mpango wa Apollo, na dunia inakumbuka majina mawili, kwa nguvu sana matatu.

Kisha ikaondoka. Ilikuwa tarehe 16 Julai 1969. Sauti ya radio inataja mapigo ya moyo ya kila mmoja wakati wa kuruka: Armstrong 110 kwa dakika, Collins 99, Aldrin 88. Mama, ambaye miaka mingine alisaidia ku kituo cha afya, alisema 88 si mtu anayeondoka ku dunia, ni mtu anayengoja pikipiki.

Katikati ya filamu kuna ukimya mrefu, siku tatu za njia zilizofupishwa. Watoto wadogo wawili walilala hapo. Hatuwalaumu. Na hapo ndipo maswali yalipoanza, kwa sababu mchimbaji hawezi kuangalia watu mu chumba kidogo bila kuuliza vitu vitatu: hewa inatoka wapi, nani anashika kamba, na kama mashini inakataa, inakuwa namna gani.

Hewa: waliibeba wenyewe, na kulikuwa na dawa ya kufyonza ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Wachimbaji wetu wanaijua hewa hiyo. Ndiyo inayozima mshumaa chini ya shimo mbele ya kumzima mtu, na ndiyo inayofanya wenye akili wasishuke kama kompresa imekufa.

Kamba: hakuna. Lakini kulikuwa na mtu wa juu, Collins. Wenzake wawili waliposhuka ku mwezi na kile chombo kidogo, yeye alibaki akizunguka peke yake. Kila alipopita nyuma ya mwezi, radio ilikatika dakika 48. Hakuna sauti ya dunia, hakuna sauti ya wenzake. Kama wale wawili wangeshindwa kupanda, yeye hangeweza kushuka kuwachukua. Alipaswa kurudi nyumbani peke yake. Alijua hivyo, wao walijua hivyo. Kijana alipomaliza kutafsiri hilo, baba alikaa muda bila kusema. Baadaye akasema alishawahi kuwa mtu wa juu. Hakuongeza, na hakuna aliyemuuliza, maana mu Bungulu watu wanajua shimo gani na mwaka gani.

Kuhusu mashini kukataa, mama ndiye aliyeuliza, na hakuuliza habari ya mashini. «Na bibi zabo? Nani angeenda kubaambia?»

Swali hilo lina jibu, na linafaa kuandikwa mu gazeti linalosomwa ku mashimo. Mu Julai ile ile ya 1969, mwandishi wa rais Nixon aitwaye William Safire alitayarisha barua ya siri: hotuba ya kusomwa kama Armstrong na Aldrin wangekwama ku mwezi. Na mu barua hiyo kulikuwa na maagizo: mbele ya rais kuongea na taifa, apige simu kwa wake wa wale wawili, mmoja mmoja. Hotuba haikusomwa kamwe, kwa sababu walirudi. Lakini utaratibu ulikuwapo ku karatasi: nani anaambiwa kwanza, na nani mwenye kumwambia. Mama aliuliza tena, kama vile hakusikia: «Simu kwa bibi kwanza?» Ndiyo, mama, kwa bibi kwanza. Kwetu shimo likianguka, PDG anapiga simu kwa negosian, negosian kwa mwenye pesa, na mke anasikia sokoni, mu foleni ya mihogo, kutoka kwa mtu anayefikiri ameshajua. Tunaandika hivyo kwa sababu wanawake wanne mu parseli ile walisema hivyo, mmoja baada ya mwingine, na filamu ilibidi isimamishwe.

Kushuka ku mwezi kulikuwa tarehe 20 Julai, hapa kwetu saa nne na robo ya usiku. Mu filamu unaona ardhi inakuja mbio, ordinatere inalia alarme, Armstrong anaona mbele yake shimo kubwa limejaa mawe na anapeleka chombo mbali zaidi, na mafuta yanahesabiwa kwa sekonde. Waligusa chini yakiwa yamebaki ya muda usiofika dakika moja. Hatua ya kwanza ilikanyagwa alfajiri ya tarehe 21, saa kumi na moja kasoro dakika nne kwa saa za Beni. Koko alikuwa msichana wakati ule. Alisema mmisionari mmoja aliwaambia habari hiyo, na wazee wakajibu kwamba mzungu anapenda mzaha.

Kazi waliyofanya ku mwezi, wenye nyumba waliihukumu kama mafundi wanavyohukumu fundi mwenzao. Waliokota mawe na mchanga kilo 21 na nusu. Aldrin alipiga bomba chini kwa nyundo ili achukue udongo wa ndani, likakataa kuingia sana. «Angeanza na pale pengine,» akasema jirani mmoja. «Udongo mugumu vile unatafuta ufa kwanza.» Kitu kilichowauma roho ni uzito: ku mwezi kila kitu kina uzito wa sehemu moja ya sita. Mfuko wa mchanga wa kilo 60 unakuwa ku mgongo kama wa kilo 10. Watu wazima watatu walitikisa kichwa pamoja, na mmoja akashika kiuno chake.

Na dhahabu? Swali lilikuwa lazima litoke. Mawe ya Apollo 11 ni ya volkano kama yale ya Goma, yenye titani nyingi, wala si mawe ya kutajirisha mtu. Dhahabu ilienda kutoka huku chini: kile kioo cha mbele ya kofia kinachong'aa rangi ya manjano kimepakwa dhahabu nyembamba sana, ili jua lisichome macho. Kijana alitumia nafasi hiyo kuwaambia juu ya telesikope James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, mu Guyane ya Ufaransa, na ambayo leo iko kilometre karibu milioni moja na nusu kutoka kwetu. Kioo chake kina vipande 18, upana wa metre 6 na nusu, na chote kimepakwa dhahabu. Akauliza: mu mawazo yenu, dhahabu kiasi gani? Baba akasema kilo kumi. Jirani akasema kilo mbili. Jibu ni gramu 48 na kidogo.

Kimya. Kisha hesabu ikaanza ku vidole. Tola moja ni gramu 11 na kitu, kwa hiyo ni tola nne. Tola nne! Kuna wiki nzuri ambazo timu moja inaosha hizo. Walizipaka nyembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa mtu ni mnene zaidi mara mia nyingi, na kwa tola hizo nne wanaangalia nyota zilizowaka mbele ya dunia yetu kuwapo. Baba hakufurahi kama tulivyotegemea. Alisema: «Tola ine banaona mwanzo wa dunia. Miye ninatosha tola miaka kumi na tano, sijaona bado mwisho wa deni.» Tuliicheka sote, na yeye pia, lakini si kwa muda mrefu.

Kuna zaidi, na wachimbaji wanapaswa kujua kwa sababu ni mali yao. Dhahabu haikuzaliwa mu udongo wa Ituri wala wa Lubero. Ilikuwa tayari imetengenezwa mbele ya dunia kuwa dunia. Jua letu haliwezi kuitengeneza, halina nguvu hiyo. Agosti 2017 wanasayansi walishuhudia nyota mbili zilizokufa, ndogo kama mji na nzito kuliko jua, zikigongana umbali wa miaka ya mwanga karibu milioni 130, na mu mwanga wa mgongano huo wakakuta alama za metali nzito, za jamii ya dhahabu. Kwa hiyo punje unayoiona chini ya karai ni makombo ya ajali ya nyota. Jirani wetu akasema negosian akisikia hivyo atakata pesa ya usafiri.

Tulifikiri sehemu ya mwisho ya filamu, ya kurudi, ingepita haraka. Haikupita.

Chombo kilianguka mu bahari ya Pasifike tarehe 24 Julai. Wale watatu walitolewa, wakavalishwa nguo zilizowafunika mwili mzima na uso, wakanyunyiziwa dawa. Halafu wakaingizwa mu nyumba ndogo ya chuma na kufungiwa. Rais Nixon anakuja, anasimama nje, anawaongelesha. Wao wako ndani, nyuso tatu nyuma ya kioo, wanacheka. Waliogopwa kwamba wameleta ugonjwa kutoka mwezi. Muda wa kuwafungia: siku 21.

Hakuna aliyehitaji tafsiri. Kijana alinyamaza yeye mwenyewe. Siku 21 ni hesabu ya Beni. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina karibu yetu, na ilitangazwa imeisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 wakiwa wameshakufa. Hapa mjini tuliwaona wagonjwa mu vile vyumba vya plastike ya wazi, daktari akiingiza mikono kutoka nje, familia ikisimama upande wa pili. Kila nyumba iliyoguswa ilihesabu siku 21, asubuhi na jioni, kipimo cha joto ku paji la uso. Koko alisimama ku plastike ile akiongea na mtoto wake wa kiume. Sisi tulilijua jambo hilo mbele ya kuja. Hatukujua kwamba filamu itamrudisha pale.

Aliangalia wale watatu mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, kwa Kinande, na mpwa akatujibia kwa Kiswahili: «Anasema, hawa balitoka?»

Walitoka, koko. Wote watatu. Hawakuwa na ugonjwa wowote.

Akasema vizuri, akaomba kasiksi yake.

Kuna waliosema baadaye, tulipowasimulia mjini, kwamba si vema kumwonyesha mzee kitu kama kile. Sisi hatuoni hivyo. Aliuliza, akajibiwa, na kwa mara ya kwanza, alisema mama, aliongea juu ya mtoto yule siku mbili mfululizo, hata vile alivyokuwa mdogo, hata mapishi aliyopenda.

Habari nyingine iliyobaki mu nyumba ile ni ya mtoto mkubwa. Ana miaka 17, mwakani anafanya egzamen ya dola, na tangu Pasaka anasema ataacha aende ku shimo na baba yake. Tusidanganye wasomaji kwamba filamu moja ilimgeuza. Aliondoka na swali la hesabu: kama boloni ile isingekazwa, nani angelipa? Baba alimjibu kwamba mwenye kushika ufunguo anapaswa kwanza kusoma ufunguo. Wakaanza kubishana, na mama akawaambia waendelee ndani, usiku umefika.

Lakini mbele ya kufunga, mdogo wa miaka tisa alisimama katikati ya lupango, kichwa juu. Mwezi ulikuwapo, zaidi ya nusu. «Ile njo hii ya kwetu?» Ndiyo, ni hii hii. Mama aliangalia lango, akaangalia baba. «Dakika tano. Asizidi mutu.» Watoto wote wakatoka, hata wale wawili waliokuwa wamelala wakaamshwa. Mpwa akawaonyesha ile doa nyeusi inayoitwa Bahari ya Utulivu, ambapo sehemu ya chini ya chombo kile bado imesimama, pamoja na nyayo, maana huko hakuna upepo wa kuzifuta. Walihesabiwa walipotoka, na wakahesabiwa walipoingia.

Kwa wenye kutaka kufanya hivyo kwao: shuka isiwe na maua, projektere iwe ya kuegemea kitu kigumu, grupe iwe mbali na watoto kwa sababu ya moshi wake, na mtafsiri aiangalie filamu mara moja peke yake mbele ya siku. Kama mnaishi pembeni ya mji, fungeni madirisha na mwangalie ndani. Ukuta wa saluni unatosha.

Filamu inayofuata wameshaichagua, na ni ya kwetu zaidi. Inaitwa Fly, Rocket Fly, ya mwaka 2018, ya Oliver Schwehm, juu ya kampuni ya Wajerumani OTRAG ya bwana Lutz Kayser, ambayo Mobutu aliipa pori kubwa mu Shaba ya kaskazini, upande wa Manono kwenye machimbo ya kasiterite. Walirusha roketi kutoka kule tarehe 17 Mei 1977, tena Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amekaa kuangalia, ilianguka. Mwaka 1979 wakafukuzwa. Baba hakuamini kwamba roketi zilishatoka mu Kongo karibu na mashimo, mpaka alipoonyeshwa picha ku telefone. Sasa anataka kuiona ku ukuta, na anasema atawaita jamaa wa timu yake wote wakipanda kutoka Manguredjipa. Shida imebaki moja: ndani yake wanaongea sana Kijerumani, na mpwa ameshasema, «Hiyo hapana, papa. Mutafute mwingine.»